Aliyemtajia Mwizi Jina

Hakuna aliyewahi kumdanganya Melvina Pardy siku za Krismasi. Hayo si maneno yangu. Uliza upande wowote wa bandari ya Tilley's Bight, huko Newfoundland, kisiwa cha Kanada, utaambiwa hivyo hivyo, na atakayekuambia atakuwa amewahi kujaribu akaumbuka.

Maana watu wa huko, kuanzia siku ya pili ya Krismasi hadi ya kumi na mbili, hujigeuza. Mwanamume huvaa gauni la mkewe juu ya koti, mwanamke huvaa ovaroli ya mumewe akaijaza mito, uso hufunikwa kwa foronya au kipande cha pazia, kisha hutembea nyumba kwa nyumba baada ya chai ya jioni. Hubisha hodi, na huku wakivuta pumzi kwa ndani ili sauti isitambulike, huuliza kama wajigeuza wanaruhusiwa kuingia. Kazi ya wenye nyumba ni kuwakisia. Mjigeuza akitajwa jina lake hutikisa kichwa, hufunua uso, hukatiwa keki nyeusi na kumiminiwa kinywaji. Asiyefunua haonji hata tone.

Huko kubisha hodi kwenyewe ni sehemu ya mchezo. Siku nyingine za mwaka hakuna abishaye. Mlango unausukuma, unaingia, unakaa karibu na jiko na kulalamikia baridi. Anayebisha ni karani wa serikali, au mgeni aliyepotea njia, au mjigeuza.

Melvina alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha samaki, akikata minofu kwenye mstari mmoja na wanawake arobaini, wote koti jeupe, wote kofia ya nailoni, wote wamefunikwa pua na mdomo. Mtu hukumjua kwa uso pale. Ulimjua kwa kifundo cha mkono, kwa bega, kwa namna anavyohamisha uzito mguu huu na huu mgongo ukimuuma. Macho yake yakazoea hivyo. Mwaka mmoja alimtambua kasisi mpya, mtu mwenye wiki mbili tu kijijini, kabla hajavuka kizingiti.

"Kasisi, karibu," alisema.

"Umejuaje?" kasisi akapiga kelele chini ya foronya.

"Umefuta viatu mkekani. Nani mwingine hapa afutaye viatu?"

Kisa hicho kilisimuliwa miaka kumi na miwili, na Melvina alikisikiliza kila mara kama anakisikia mara ya kwanza. Nasema wazi, alizipenda sifa hizo. Alikuwa mjane wa miaka sabini na mmoja, magoti yamechoka, kiwanda kimefungwa, na jambo lililobaki ambalo watu wangemwita alifanye lilikuwa hilo moja.

Sasa sikia lililompata.

Jumanne moja ya Oktoba, mchana, alikuwa mezani na chai yake ya maziwa ya kopo, kishikwambi mbele yake, ujumbe ukaingia. Haukuwa na jina alilolijua, wala picha.

"Shangazi, unanijua mimi ni nani? Huu ni ukurasa wangu mpya."

Melvina akacheka peke yake jikoni. Krismasi imekuja mapema! Akaandika kwa kidole kimoja, "Usiniambie! Uko nyumbani au uko bara?"

"Niko bara, shangazi."

"Alberta?"

"Ndiyo, Alberta! Umejuaje?"

"Wewe ni mtoto wa Hedley."

"Shangazi, wewe hushindikani."

"Garland!"

"Umepata!"

Akapiga meza kwa kiganja, kikombe kikaruka. Hebu utazame mchezo huo ulivyochezwa. Alberta kaitaja nani? Melvina. Hedley, kaka yake, kamtaja nani? Melvina. Jina la mpwa wake mwenyewe kalitoa kinywani mwake, akampa mtu asiyemjua, na yule mtu hakufanya kazi nyingine ila kutikisa kichwa. Kila mjigeuza hutikisa kichwa. Tofauti ni kwamba akishatikisa hufunua uso, na huyu hakuna aliyemwambia afunue.

"Garland" akaeleza kwamba amefungiwa nje ya ukurasa wake wa zamani. Ili aurudishe, lazima jamaa mmoja wa kuaminika apokee namba sita kwenye simu yake. Yeye amemtaja shangazi. Zikifika, amtumie upesi, maana muda wake ni mfupi.

Zikafika. Chini ya zile namba paliandikwa kwa maneno yasiyo na mafumbo: usimpe mtu yeyote. Melvina aliyasoma. Alivaa hata miwani. Akajiambia kwamba mtu yeyote ni mtu yeyote, lakini Garland ni Garland. Na kwenye mlango wa jokofu, hatua tatu kutoka alipokaa, namba ya simu ya Garland ilikuwa imebandikwa kwa sumaku yenye umbo la kamba wa baharini. Angeinuka, angepiga, yangekwisha. Hakuinuka kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kumvua mjigeuza kitambaa kwa mkono. Ukishamtaja umemtaja, na kutilia shaka jina ulilolipata mwenyewe ni kukubali kwamba umezeeka.

Akatuma namba sita. Baada ya dakika chache ukurasa wake ukakataa kufunguka. Akadhani ni mtandao, maana siku hiyo kulikuwa na upepo.

Effie Stuckless aliishi ng'ambo ya bandari. Kiwandani alikuwa amesimama mkono wa kushoto wa Melvina miaka yote ile thelathini na mmoja, na mtu ukisimama naye hivyo unajua mpaka anavyopiga chafya. Mume wake Leander alifariki masika ya mwaka uliotangulia. Kaburi lake lilikuwa bado na msalaba wa mbao, kwa kuwa udongo mpya huachwa kwanza utulie, na kwa kuwa Effie alikuwa akiweka akiba ya jiwe. Alikwisha kulichagua: jeusi, la kung'aa, jina la Leander juu na nafasi ya jina lake chini. Lingesimamishwa Juni. Kila aliyeingia kwake alionyeshwa picha.

Siku kumi baada ya zile namba, Effie aliusukuma mlango wa Melvina, akaingia na mabuti yake, uso umechangamka.

"Haya, bibi wewe, watu wako wa msaada wanasemaje? Wiki imepita."

"Msaada gani?"

"Usinitanie, Mel. Ule wa wajane."

"Effie, wajane gani?"

Effie akatoa simu. Picha ilikuwa ya Melvina, ile aliyovaa kofia nyekundu na kucheka. Maneno yalikuwa ya Melvina pia, maana mwizi alikuwa amezisoma jumbe zao za miaka sita, akajua wanaitanaje na nani anaumwa wapi. Kuna msaada wa wajane wa wavuvi, mpenzi wangu. Mimi nimepata wangu, nimeliona jina lako kwenye orodha. Lipa ada kwanza, wataizidisha. Usimwambie mtu mpaka orodha itangazwe, watu watatuonea kijicho. Effie alikuwa amelipa mara moja, kisha mara ya pili, kisha mara ya tatu.

"Ile ya jiwe?" Melvina akauliza.

"Yote." Effie akakaa. Hata mabuti hakuvua. "Nilitaka kukupigia, Mel. Kidole kilikuwa juu ya namba yako. Ila ulisema nisiseme. Nikasema, Mel ana sababu zake."

Jiko lilikuwa linaunguruma. Effie akainua macho.

"Wameingiaje kwenye ukurasa wako?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Sentensi moja tu ilitosha. Melvina aliihisi imefika kwenye meno. Akasema, "Sijui. Wezi wa siku hizi hawahitaji hata mlango."

Effie alipoondoka, Melvina alisimama mbele ya jokofu akapiga ile namba iliyobandikwa.

"Shangazi Mel!" sauti ya Garland, ya kweli, yenye kikohozi cha baba yake. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Uliniandikia mwezi huu?"

"Mimi? Sijakuandikia tangu mazishi ya baba, na unisamehe kwa hilo. Kwa nini?"

Akamweleza. Garland akavuta pumzi.

"Shangazi, zile namba ndizo ufunguo. Ulimpa mtu ufunguo, halafu ukamshikia na mlango. Mtu akikuambia kisia mimi ni nani, usimtajie jina. Mwache alitaje yeye. Halafu kata, umpigie mwenyewe kwa namba unayoijua tangu zamani. Na akikuambia usimwambie mtu, wewe ndiyo kwanza uwaambie wote."

"Usimwambie mtu," Melvina akasema.

"Ndiyo hayo hayo ninayokwambia, shangazi!"

"Hapana, Garland. Nakuomba wewe. Usimwambie mtu kwamba nilitoa namba."

"Shangazi Effie hajui?"

Melvina alikata simu. Nimekutana na watu wengi waliotapeliwa, na wengi hawakulia kwa sababu ya hasara. Walilia kwa sababu ya wakati ule walioujua ukweli na kuufunika kwa kiganja.

Ukurasa ulirudishwa, Garland akiongoza kwa simu. Polisi waliandika. Benki ilisema fedha zimekwenda, na zilikuwa zimekwenda. Huruma ya kijiji ikamjia Melvina kapu kwa kapu: mkate, jamu ya beri, kopo la nyama ya paa mkubwa. Maskini Melvina, kaibiwa uso wake! Alikula mkate ule mpaka makombo.

Effie hakuletewa jamu. Effie aliletewa mzaha.

Duka ni moja tu Tilley's Bight, nalo ni posta pia, la Selby Rideout. Selby si mtu mbaya, ila ulimi wake hauna breki. Siku moja ya Novemba Melvina alikuwa mbele ya kaunta, watu wanne nyuma yake.

"Shangazi Mel, pole tena," Selby akasema akipima kabichi, maana huko kila mama mzee huitwa shangazi. "Wewe ulivamiwa. Lakini Effie naye, jamani! Mtu mzima anaambiwa lipa ili upewe, na analipa! Mara tatu! Kesho naweka tangazo hapa: nunua mkate mmoja upewe duka."

Watu wakacheka. Na Melvina akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha kujiunga, cha mtu anayeogopa kwamba asipocheka ataulizwa kwa nini. Alipogeuka kuchukua kabichi yake alimwona Effie amesimama mlangoni, mkono bado uko kwenye kitasa, theluji mabegani. Alikuwa amesikia kutoka mwanzo. Effie alikuja mpaka kwenye kaunta, akanunua majani ya chai, akalipa, akamwambia Selby asante. Melvina hakumwangalia. Alijifunga skafu akatoka, na njia nzima masikio yake yaliwaka moto kwenye baridi ile.

Tangu siku hiyo hakusukuma mlango wa Effie, wala Effie hakusukuma wake. Krismasi ikaja. Siku ya pili wajigeuza walipobisha, Melvina alizima taa akakaa gizani saa kumi na mbili jioni kama kuku. Aliwasikia wakinong'ona kibarazani.

"Hajisikii vizuri," mmoja akasema. "Anamhuzunikia Effie, maskini. Moyo alio nao yule mama!"

Walipokwenda zao alibaki pale pale kwenye kiti. Hata woga wake watu walikuwa wanausifu, na hilo lilimuumiza kuliko tusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Melvina angeshukuru kuumbuliwa, lakini hakuna aliyekuwa na nia ya kumuumbua. Ilibidi aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Jumapili, akitoka kanisani, alipita makaburini. Mawe yote yamesimama, na katikati yake ule msalaba wa mbao wa Leander, umeinama kwa uzito wa theluji, na jina lililoandikwa kwa rangi limeanza kufutika. Alijua siku hiyo kwamba atakwenda kwa Effie. Alijua pia kwamba uso wake hautakubali kwenda.

Basi akaufunika. Alitoa ovaroli ya marehemu Ambrose, mumewe, akatia mto mgongoni. Mabuti akavaa la kulia kushoto na la kushoto kulia, ili mwendo umpotee. Pazia la jikoni kichwani, mpaka kifuani. Akatembea kuizunguka bandari akijikwaa, akafika kwenye mlango ambao kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kuubisha, akaubisha.

"Wajigeuza wanaruhusiwa?" akauliza kwa pumzi ya kuvuta ndani.

"Ingia," ilikuwa sauti ya Effie.

Ndani alikuwamo Selby pia, ameleta barua na kunywa chai, sahani ya keki nyeusi mbele yake. Macho yakamng'aa.

"Oho! Huyu ni mwanamume. Tazama mabuti. Ni Uriah! Si Uriah? Basi ni mkewe Uriah, kibyongo hicho ni chake hata bila mto!" Akacheka mwenyewe. "Cheza kidogo tuone, bwana. Effie, kisia na wewe, usikae kama jiwe."

Neno hilo likaning'inia. Selby mwenyewe alilisikia, akaangalia keki yake.

Effie alikuwa na sindano na soksi mapajani. Hakuinua kichwa.

"Mimi siku hizi sikisii, Selby. Mtu akija kwangu kafunika uso, aseme mwenyewe ni nani."

Jambo hilo halijawahi kutokea Tilley's Bight, mjigeuza kuambiwa ajitaje. Melvina alisimama katikati ya jiko na meza. Jasho lilimtoka chini ya pazia. Angeweza kugeuka akatoka. Hakuna ambaye angejua, na kesho Selby angesimulia dukani habari ya mjigeuza bubu. Akainua mikono miwili, na glavu zake, akalivuta pazia kwa mbele. Nywele zikatimka.

"Shangazi Mel!" Selby akaanza.

"Nyamaza, Selby," Melvina akasema. "Effie. Hawakuvunja mlango. Mimi niliwapa ufunguo. Mtu aliniandikia nikisie yeye ni nani, nikasema Garland, akasema ndiyo. Akaniomba namba za ukurasa, nikampa. Iliandikwa nisimpe mtu, nikampa. Ukaniuliza nikakudanganya. Na dukani nilicheka. Wewe ulidanganywa na uso wangu, na uso huo niliutoa mimi, kwa sifa tu."

Sindano za Effie ziliendelea mshono mmoja, wa pili, wa tatu, kisha zikasimama.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Binti wa benki aliniambia Oktoba ile ile. Kasema hawaingii hivi hivi, mwenye ukurasa huwa amewapa namba. Tangu siku ile nakungoja. Mlango ukisukumwa nasema, ni Mel huyo, amekuja kusema. Anaingia Selby." Akaweka soksi mezani. "Jiwe lilinilaza macho wiki mbili. Nikajiambia Leander anaweza kungoja, alikuwa mtu wa kungoja. Kicheko chako, Mel, bado kiko humu ndani." Akajigusa kifuani kwa kidole.

Machozi yalimshuka Melvina, na glavu zilikuwa nene mno kuyafuta.

Selby alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Shangazi Effie," akasema polepole, "mimi na mdomo wangu..."

"Zamu yako itafika, Selby. Kesho dukani, mbele ya watu. Na huyu atakuwepo, aeleze alivyofanywa, neno kwa neno. Yuko mwingine atakayeandikiwa kesho kutwa."

"Nitaeleza," Melvina akasema. Kisha, kwa kuwa lilimkereketa, akauliza, "Uliponiambia nijitaje, ulikuwa hunijui kweli?"

Effie akamwangalia kwa mara ya kwanza jioni ile, kuanzia mabuti yaliyogeuzwa mpaka kwenye goti la ovaroli.

"Mimi si mkisiaji. Lakini hicho kiraka cha Ambrose nilikishona mimi, mwaka ule mkono wako ulipovunjika. Mshono wangu naujua."

Keki ilikuwa mezani na kisu kando yake. Desturi ni kwamba aliyefunua hukatiwa. Effie hakukikamata kile kisu, na Melvina hakukitazama mara mbili. Akaokota pazia lake sakafuni, akalikunja, akaenda mlangoni.

"Mel."

Akageuka.

"Kavae nguo zako, ukalale. Kesho tukitoka dukani uje. Na usibishe hodi."

Melvina akatoka. Alikwenda njia yote ile ya bandari na mabuti yake ya kombo, pazia mkononi, uso wazi kwenye theluji, na waliochungulia madirishani walimtambua wote.